Nyumba za Mawe za Lamu na Ukuta wa Jirani

Mtu apitaye katika vichochoro vya Mkomani, sehemu ya kale ya mji wa Lamu, huona kuume na kushoto ukuta mrefu usio na madirisha mengi, wenye milango ya nakshi hapa na hapa. Hudhani ni jumba moja. Kumbe ni nyumba nyingi zilizoshikana ubavu kwa ubavu, na mara nyingi ukuta mmoja huchukua dari za nyumba mbili. Ukuta huo ndio tunaotaka kuueleza, maana twaona kwamba katika kuuhifadhi mji ule hapana jambo gumu kuulipita.

Nyingi za nyumba hizo zilijengwa katika karne ya 18, kwa mawe ya matumbawe na chokaa iliyochomwa kwa matumbawe yayo hayo. Dari zake ni boriti za mikoko, zikapangwa mawe juu yake na kumiminiwa chokaa. Boriti haivuki nafasi ipatayo mita 3. Ndiyo sababu vyumba ni virefu na vyembamba, kimoja nyuma ya kingine. Waamu wana jina la kila mahali. Mgeni hupokewa katika daka, penye baraza za mawe. Kisha ni tekani, ukumbi uliopindishwa kusudi macho ya wapita njia yasifike ndani. Kisha kiwanda, yaani ua usio na paa. Kutoka kiwandani twapanda msana wa tini, na msana wa yuu (tini na yuu ni chini na juu kwa Kiamu), hata tukafika ndani, chumba cha mwenye nyumba na mkewe, penye zidaka za chokaa zilizopangwa safu kwa safu. Mtoto asiyelelewa katika nyumba kama hiyo hayajui maneno haya, wala hatuoni atayajulia wapi.

Zamani ilikuwa desturi baba kumpa binti yake nyumba aolewapo, na mume akaja kukaa kwake. Mabinti wakizidi, walijenga orofa, au wikio, chumba kivukacho juu ya njia na kuziunganisha nyumba za ndugu. Basi jirani alikuwa ni mtu wa ukoo, na ukuta wa shirika haukuhitaji hati.

Mwaka 1976 Usam Ghaidan alitoa kitabu juu ya kuuhifadhi mji huo. Mwaka 1986 serikali ya Kenya iliutangaza kuwa mahali pa kulindwa. Na mwaka 2001 UNESCO iliuandika katika Urithi wa Dunia. Sheria ya mwaka 2006 ya makumbusho na urithi ikazidi kutia nguvu. Mambo hayo ni mema sana. Walakini sheria yaweza kumzuia mtu asibomoe. Kuwapatanisha warithi kumi, wengine wakaao Mombasa na wengine ng'ambo, watoe fedha za boriti moja iliyooza, ni kazi nyingine kabisa.

Na boriti ikioza haimdhuru mwenyewe peke yake. Maji huingia katika ukuta, nao ukuta ni wa wawili. Tena wako wapakao saruji badala ya chokaa, wakidhani wanaimarisha. Chokaa hupumua; saruji haipumui, bali hufungia unyevu na chumvi ndani ya matumbawe, hata mawe yakamomonyoka, na huenda plasta ikaanza kubanduka kwa jirani asiye na kosa.

Nyumba ikianguka, ukuta wa jirani hubaki wazi, na matundu ya boriti yakionekana safu nzima. Hayo matundu hunywa mvua. Katika gofu lo lote kazi ya kwanza, kabla ya kubishana juu ya urithi, ni kumwita fundi ajuaye chokaa ayazibe kabla ya masika.