Jemadari Anamsuta Sultani: Kusoma Upya "Maisha" ya Tippu Tip Kutokea Tabora

Katika semina moja ya fasihi palizuka ubishi ambao mpaka kengele ilipolia haukwisha. Mwenzetu mmoja alidai kwamba fasihi ya Kiswahili ya zamani haina utamaduni wa kumkosoa mtawala. Kwamba tulichonacho ni sifa za masultani, dua za kuwaombea umri mrefu, na mawaidha ya dini yanayomhusu kila mtu ili yasimguse yeyote. Ukosoaji wenyewe, alisema, tumeuanza juzi tu, baada ya uhuru. Mimi nilinyanyua mkono nikataja kitabu kimoja tu. Wengine wakacheka. "Tippu Tip? Yule mfanyabiashara wa watumwa ndiye mkosoaji?"

Ndiye. Na makala haya yanajaribu kueleza kwa nini, pamoja na kueleza kwa nini jibu langu la siku ile lilikuwa la haraka mno.

Tuanze na mtu mwenyewe. Hamed bin Muhammed el-Murjebi alizaliwa Unguja yapata 1837. Baba yake, Muhammed bin Juma, alikuwa mkazi wa Unyanyembe, hapa kwetu Tabora, na alimwoa Karunde, binti wa Mtemi Fundikira. Kwa hiyo Hamed hakuwa mgeni wa njia ile ya misafara iliyotoka Bagamoyo, ikapita Ugogo, ikafika Tabora na kuendelea hadi Ujiji. Ilikuwa njia ya nyumbani. Jina la Tippu Tip, kwa maelezo yake mwenyewe, lilitokana na mlio wa bunduki zake. Mwaka 1867 alimpiga Nsama wa Itabwa, mtemi aliyeogopwa na kila msafara, akachukua pembe kwa wingi. Miaka ya 1870 alijipenyeza hadi Manyema, na kufikia miaka ya 1880 hakuna mtu katika bara lile aliyekuwa na bunduki nyingi kama zake. Mfanyabiashara, ndiyo. Lakini mfanyabiashara mwenye maelfu ya watu wenye silaha, anayeweka machifu na kuwaondoa, tumwiteje kama si jemadari?

Tena Sultani mwenyewe alimhesabu hivyo. Sayyid Barghash, aliyetawala Unguja kuanzia 1870 hadi alipofariki 1888, alikuwa na jeshi rasmi, lakini jeshi hilo liliundwa kuanzia 1877 na Mwingereza, Lloyd Mathews, na nguvu yake kubwa ilikuwa pwani. Huko ndani, kuanzia Tabora kwenda magharibi, mkono wa Sultani ulikuwa bendera nyekundu, barua, na watu wa aina ya Hamed. Alipoteremka Unguja mwishoni mwa 1882, Barghash alimtaka awe liwali wake Tabora. Hamed akakataa, akarudi Manyema kusimamia mambo ya Sultani huko.

Kwa nini alikataa uliwali wa Tabora? Anayeijua historia ya mji huu hatashangaa. Kiti kile kilikuwa cha moto. Said bin Salim, ambaye mwaka 1857 aliuongoza msafara wa Burton na Speke kufika hapa, baadaye alikuwa liwali wa muda mrefu. Mwaka 1878 aling'olewa kwa fitina za Waarabu wenzake. Aliyemrithi, Abdallah bin Nasibu, naye akagombana na Mtemi Isike, mpaka Barghash akamwita arudi pwani. Na kabla ya hapo kulikuwa na vita vya Mirambo. Kuanzia 1871 Mirambo aliifunga njia, na Sultani alipotuma askari kutoka pwani hawakummaliza. Tabora ilikuwa mahali ambapo amri ya Unguja ilifika imechoka, kama mpagazi wa siku ya tisini. Hamed aliliona hilo kwa macho yake, na yeye aliona ni afadhali kupatana na Mirambo kuliko kupigana naye.

Sasa tuje kwenye kitabu. "Maisha ya Hamed bin Muhammed" yaliandikwa kwa Kiswahili, kwa ombi la Mjerumani Heinrich Brode, naye akayachapisha pamoja na tafsiri ya Kijerumani mwaka 1902 na 1903. W. H. Whiteley aliyatafsiri kwa Kiingereza zaidi ya nusu karne baadaye. Wahakiki wengi wanakitaja kama tawasifu ya mwanzo katika nathari ya Kiswahili, kisha wanakiacha hapo, kama mtu anayemsalimia mzee barabarani huku anaharakisha basi. Fani yake haijachambuliwa inavyostahili. Sentensi ni fupi, kavu, zimejaa vitenzi: tukaenda, tukapiga, tukapata. Watu waliotekwa wanatajwa pamoja na pembe, kwa pumzi ileile. Msomaji wa leo anasoma kurasa hizo akiwa na donge kooni, na ni sawa awe nalo.

Katika ukavu huohuo ndimo ulimo ukurasa ninaotaka tuusome. Ni mwishoni mwa 1886. Hamed amerudi Unguja tena. Wakati yuko bara, mambo yamebadilika. Carl Peters alipita Usagara, Uzigua, Nguru na Ukami mwishoni mwa 1884 akikusanya alama za machifu kwenye karatasi. Februari 1885 mfalme wake akazikubali karatasi zile. Barghash alipolalamika, manowari za Kijerumani zikatia nanga mbele ya kasri lake mwezi wa Agosti 1885. Novemba 1886 Waingereza na Wajerumani wakakubaliana wenyewe kwa wenyewe kwamba Sultani abaki na visiwa na ukanda wa pwani wa maili kumi. Tabora iko mamia ya maili kutoka baharini. Piga hesabu mwenyewe.

Basi jemadari anaingia kwa bwana wake. Kwa mujibu wa "Maisha", Sayyid anamwomba radhi. Anamwambia waziwazi kwamba bara hana tena haja nalo, kwamba Wazungu wanataka kumnyang'anya hata Unguja yenyewe, na kwamba waliokwisha kufa wasiyaone haya ndio waliopumzika. Hamed anaongeza jambo moja tu: aliposikia hivyo alitambua kuwa kwao wao habari imekwisha. Halafu anaendelea na safari nyingine.

Ukisoma haraka utadhani ni huzuni ya mtumishi mwaminifu. Mimi nasoma suto. Miaka minne nyuma Sayyid huyuhuyu alitaka Tabora isimamiwe kwa jina lake. Leo anasema bara halitaki. Hamed hamwiti mwoga. Hasemi kwamba angepigana. Hajengi hoja hata moja. Anamwacha mtawala aseme, anayaandika maneno yake, kisha ananyamaza. Kwa mtu aliyekulia katika adabu za baraza, ambako mkubwa hapingwi mbele ya watu, hii ndiyo njia iliyobaki ya kumshtaki: kumnukuu.

Kuna atakayeniambia namsingizia mzee ufundi asiokuwa nao. Lakini tazama kisa cha Utetera katika kitabu hichohicho. Hamed anasikia kwamba zamani wanawake wa ukoo wa kichifu wa huko walichukuliwa mateka. Anakwenda kwa chifu mzee, Kasongo Rushie, anadai kwamba mmoja wa wale wanawake ndiye bibi yake. Mzee anafurahi, anampokea kama damu yake, na mwisho anamwachia nchi. Na Hamed anatusimulia hila hiyo bila haya hata kidogo! Mtu aliyewahi kupata nchi nzima kwa hadithi aliyoitunga anajua vizuri maneno yanafanya nini kwenye utawala. Siamini kwamba mtu huyo aliyaweka maneno ya Barghash pale kwa bahati.

Nilipofika hapa katika utafiti wangu nilijiona nimeshinda ubishi wa semina. Mkosoaji wa ndani, mwenye bunduki, anayejua siri za ikulu, anatoa ushahidi dhidi ya kiongozi wake. Uganda mwaka 1999 Kanali Kizza Besigye aliandika waraka wa kuukosoa uongozi wa Museveni akiwa bado mwanajeshi, naye alitumia nguvu ileile ya kusema "nilikuwemo". Tofauti ni kwamba Besigye alisema kwa jina na kwa hoja mtawala akiwa hai na madarakani, jambo lililomweka matatani na jeshi. Na hiyo tofauti ndiyo iliyoanza kunitia wasiwasi.

Maana Hamed alipoandika, Barghash alikuwa amelala kaburini zaidi ya miaka kumi. Unguja ilikuwa chini ya Waingereza tangu 1890, bara chini ya Wajerumani, na aliyeomba kitabu ni Mjerumani. Nani angeudhika? Tena tuangalie kinachofuata. Tarehe 24 Februari 1887, miezi michache tu baada ya mazungumzo yale, Hamed alitia sahihi mkataba na Stanley. Akawa liwali wa Stanley Falls kwa niaba ya Leopold, mfalme wa Wabelgiji, kwa mshahara wa pauni 30 kwa mwezi, akapanda meli kuzunguka kusini mwa Afrika hadi mlango wa mto Kongo. Hakulificha hilo, katika kitabu analieleza, na anaonyesha kwamba Sayyid mwenyewe aliridhia. Unaona mpangilio? Kwanza bwana ameitupa nchi, ndipo mtumishi anachukua kazi kwingine. Suto kwa Barghash ni pia hati ya utetezi ya Hamed. Anayesema "kiongozi wetu ndiye aliyeacha" anasema chinichini "si mimi niliyeuza".

Nadhani yote mawili ni kweli. Sijaona sababu ya kukataa kwamba Barghash alisema maneno ya namna ile. Mwaka 1886 alikuwa mtu aliyebanwa na manowari za upande mmoja na marafiki wa upande mwingine, na Waingereza aliowategemea, waliomfungisha soko la watumwa 1873 kwa ahadi ya urafiki, ndio waliokata nchi pamoja na Wajerumani. Kumlaumu kwamba hakupigana ni rahisi ukiwa umekaa maktaba. Lakini jemadari hamlaumu kwa kutopigana. Anamlaumu kwa kutowaambia mapema watu waliokuwa bara na bendera yake.

Likizo iliyopita nilimsomea bibi yangu ukurasa ule, nyumbani Tabora. Bibi anasema babu yake alikuwa mpagazi, alishuka pwani na pembe begani na kurudi na vitambaa, na mwembe ulio nyuma ya nyumba ya jirani anaapa ulitokana na kokwa za wapagazi. Alisikiliza mpaka mwisho, akatengeneza khanga yake, akauliza: "Sasa huyo Saidi alikuwa mtemi wa nani huku?"

Sikuwa na jibu la haraka. Swali lile limenilazimisha kuurudia ukurasa. Nilikuwa nimeshughulika na nani alisaliti na nani alisalitiwa, nikasahau kuuliza kitu kilichosalitiwa kilikuwa cha nani. Mtu huacha alichokuwa nacho. Barghash anaposema bara halitaki, na Hamed anapohuzunika kwamba limekwisha, wote wawili wanazungumza juu ya Unyanyembe kana kwamba ilikuwa shamba la karafuu. Hamed alijua sivyo. Mke wa baba yake alikuwa binti wa Fundikira. Alijua kwamba mwanzoni mwa miaka ya 1860 wafanyabiashara wa Tabora walimfukuza Mtemi Mnywa Sele kwa sababu ya ushuru, wakamweka Mkasiwa, na kwamba vita vya jambo hilo vilichukua miaka mpaka Mnywa Sele akauawa 1865. Watu hawapigani miaka mitano na mtu ambaye nchi si yake. Hata hivyo, inapofika saa ya kumsuta Sultani, watemi wote wanatoweka kwenye sentensi. Inabaki habari ya mabwana wawili na nchi tupu katikati yao.

Kwa hiyo mwenzangu wa semina nampa nusu ya pointi. Ukosoaji wa mtawala upo katika nathari yetu tangu mwanzo, na ni mkali kuliko tulivyofundishwa. Lakini huyu mkosoaji wa kwanza anakosoa kutoka ndani ya nyumba ambayo milango yake hawakuijua wale waliobeba mizigo, na silaha yake ya kumnukuu mkubwa hakuitumia hata mara moja kumpa mpagazi nafasi ya kusema.

Hamed aliondoka Kongo 1890, akarudi kwa njia ileile ya zamani, akaugua njiani, akafika Unguja Julai 1891. Hakurudi bara tena. Alifia Unguja 1905. Safari hiyo ya mwisho alipofika Tabora bendera ilikuwa imeshabadilika: Emin Pasha alikuwa amepatana na Waarabu wa mji Agosti 1890 na kupandisha ya Kijerumani. Waarabu walitia sahihi. Isike hakukubali. Alikaa katika boma lake, akawarudisha Wajerumani mara kadhaa, na Januari 1893 Tom von Prince alipovunja kuta na kuingia, mtemi akawasha baruti akiwa ndani.