Sili ya nyuma ya krenki: maana, matumizi na tafsiri

sili nm [i-/zi-] pete ya mpira, ngozi au kamba inayozuia kimiminika kupita mahali ambapo mhimili unaozunguka hutokeza nje ya mashine.

krenki nm [i-/zi-] mhimili wenye mapindo unaogeuza mwendo wa pistoni wa kupanda na kushuka kuwa mzunguko.

Sili ya nyuma ya krenki ni ile inayozuia oili isitoke mwishoni mwa krenki, upande wa flaiwili na klachi. Ikichakaa, kipuri chenyewe huwa cha bei ndogo, lakini kukifikia ni kazi kubwa. Kwa sababu hiyo, neno lisilo sahihi katika maelezo ya tatizo, katika tafsiri ya kitabu cha mwongozo au katika karatasi ya kuagizia spea laweza kumfanya fundi aifungue gari mara mbili.

Mifano ya makala haya imejengwa juu ya hali moja: mwenye Land Rover ya zamani yenye injini ya petroli ya sentimita za ujazo 2,286, aina iliyoanza kutumika mwaka 1958, anaishi Kaagya, wilayani Bukoba. Gari lake linaacha doa jeusi kila linapolala. Fundi yuko Muleba, na spea itaagizwa Mwanza. Watu watatu watategemea maneno yaleyale bila kuonana.

1. Mafuta au oili?

Katika Kiswahili cha jumla, *mafuta* hujumuisha ya kupikia, ya kujipaka, petroli, dizeli na vilainishi. Gereji hugawa uwanja huo: *mafuta* ni yale yanayoungua ili gari liende; *oili* ni ile inayolainisha vyuma. Tofauti hii si pambo.

> (a) Gari langu linavuja mafuta.
> (b) Gari langu linavuja oili.

Akisikia (a), fundi atakagua tangi na mipira ya petroli, na huenda akakataza gari lisiwashwe kwa kuhofia moto. Akisikia (b), atainama chini ya injini. Mfasiri wa kitabu cha ufundi afuate mgawanyo wa gereji, au aandike *mafuta ya kulainishia* kwa ukamilifu. *Mafuta* pekee hayatoshi.

2. Vitenzi vya kutoka kwa kimiminika

*Vuja* hukubali kiima cha aina mbili: chombo (*injini inavuja*) na kimiminika (*oili inavuja*). Muundo wa kwanza hulaumu kitu. Wa pili husimulia tukio tu. Katika utambuzi wa hitilafu ni bora kuongeza mahali: *oili inavujia kwenye tundu la chini ya nyumba ya flaiwili*. Kiambishi cha kutendea kinabeba hapa taarifa ambayo fundi anaihitaji kuliko zote.

*Tona* ni kutoka tone baada ya tone. *Churuzika* ni kutiririka kwa mkondo mwembamba usiokatika. *Bubujika* ni kutoka kwa nguvu na wingi. Sili iliyochakaa kwa kawaida *hutona*. Anayeandika *inabubujika* anaelezea ajali nyingine.

*Kula oili* ni jambo tofauti: oili hupungua kwa kuungua ndani ya injini, moshi ukawa wa buluu, na chini kusiwe na doa. Injini inayokula oili haiponywi kwa sili mpya.

3. Kwa nini isiwe muhuri?

Neno la Kiingereza *seal* lina maana nyingi, na kamusi ndogo humpa mfasiri *muhuri* kwanza. Hapo ndipo huzaliwa *muhuri mkuu wa nyuma*, tungo ambayo sarufi yake ni safi ilhali hakuna fundi atakayeielewa. Muhuri huthibitisha waraka au hufunga bahasha, hauzuii oili.

Tungo hiyo ina kosa la pili. Sifa ya ukuu katika istilahi ya Kiingereza haiielezi sili, bali beringi: ni sili iliyo jirani na beringi kuu ya nyuma, mojawapo ya zile zinazoishikilia krenki kwenye mwili wa injini. Hakuna sili kuu wala sili ndogo. *Sili ya nyuma ya krenki* huondoa utata huo bila kupoteza kitu.

Angalizo la tahajia: katika Kanda ya Ziwa, kama kwingineko nchini, baadhi ya wasemaji hubadilishana /l/ na /r/, hivyo *siri ya krenki* yaweza kuonekana katika maandishi. *Siri* ni jambo lililofichwa, iandikwe *sili*. Neno hili pia lina umbo sawa na jina la mnyama wa baharini na kitenzi cha kukanusha (*sili nyama*), lakini muktadha hutenganisha maana hizo kwa urahisi.

4. Nyuma ya nini, mbele ya nini?

*Nyuma* na *mbele* ni maneno ya uhusiano: hayana maana kamili mpaka kitajwe kitu kinachohusika. Katika Land Rover ya zamani, nyuma ya injini inakabiliana na mbele ya gia boksi. Sili mbili, moja *ya nyuma* na nyingine *ya mbele*, zinatazamana, na oili ya yoyote kati yake yaweza kutokea kwenye tundu lilelile la chini.

> ✗ Nitumie sili ya nyuma ya Land Rover.
> ✓ Nitumie sili ya nyuma ya krenki, ya injini ya petroli ya 2,286.

Sentensi ya kwanza yaweza kumletea fundi sili ya ekseli. Ya pili inataja kitu, upande na injini.

Kabla ya kuagiza, fundi hulinganisha oili inayotona na ile iliyo ndani ya injini na ndani ya gia boksi: rangi, uzito na harufu. Hukagua pia tundu la kupumulia injini. Likiziba, shinikizo la ndani huisukuma oili nje, na hata sili mpya itavuja.

5. Kushusha, kufungua, kufunga

*Kushusha gia boksi* ni usemi uliozoeleka wa kuitenganisha na injini na kuitoa. Katika magari mengi hushuka kweli. Katika Land Rover hii, kwa kawaida viti na sakafu huondolewa, kisha gia boksi hunyanyuliwa kupitia chumba cha dereva. Fundi bado atasema *kushusha*, na msikilizaji wake ataelewa. Mfasiri wa mwongozo, ambaye msomaji wake anafuata hatua kwa hatua, aandike *kutoa*.

*Kufungua* ni kutenganisha sehemu. *Kufunga* ni kuziweka mahali pake. *Funga sili* basi maana yake ni kuipachika, wala si kuiziba. *Kuziba* kwa gundi ni tiba nyingine, na isitumike kama kisawe.

> Baada ya kutoa gia boksi, fungua klachi, flaiwili na nyumba yake. Shusha sampu, kisha fungua kofia ya beringi ya nyuma. Kagua uso wa krenki: ukiwa na mfereji uliochimbwa na sili ya zamani, sili mpya haitadumu. Vika sili mpya kwenye krenki, mkato wake ukielekea juu, na uunganishe springi yake kabla ya kufunga vishikio vyake viwili.

Neno *mkato* hapa ni la lazima. Sili ya injini hii imekatwa ili ivikwe bila kuitoa krenki. Magari mengi ya baadaye hutumia pete nzima, na baadhi ya injini kongwe zaidi hutumia kamba. Mfasiri asiandike *pete* kabla ya kujua ni injini gani inayozungumziwa.

Muhtasari

Taja kimiminika (*oili*), namna kinavyotoka (*inatona*), mahali kinapotokea, kisha kitu pamoja na upande wake na injini yake. Mwenye gari wa Kaagya akiyasema hayo manne, fundi wa Muleba na muuzaji wa Mwanza watakuwa wanazungumzia sili moja.