Imani na Matendo Mpakani mwa Kagera: Habari za Wakristo wa Ngara na Jirani Zao

Neno mnafiki halikuzaliwa kanisani. Liliingia katika Kiswahili kutoka lugha ya Kiarabu, na katika maandiko ya Kiislamu lilitumika kwa watu wa Madina waliokiri dini kwa ulimi, hali mioyo yao ilikuwa mbali nayo. Baadhi ya wanazuoni wa lugha hiyo hulihusisha na tundu la panya wa jangwani, lenye milango miwili: mmoja wa dhahiri, na mwingine wa siri wa kutorokea. Wafasiri wa Biblia walipohitaji neno la kumtaja mtu asaliye hadharani na kula nyumba za wajane, walilikuta neno hili limekwisha kukomaa katika lugha, wakalichukua. Ndiyo maana Mkristo na Mwislamu wa Afrika ya Mashariki hulilaumu kosa hili kwa jina moja.

Lakini neno hili lina upungufu wake. Mnafiki, kwa maana yake ya asili, ajua kwamba adanganya. Historia ya nchi iliyo kati ya Ngara na Biharamulo, na ya jirani zake wa Rwanda na Burundi, yaonyesha jambo zito zaidi: kwamba umati wa watu waweza kwenda kanisani kwa moyo mweupe, miaka nenda miaka rudi, na siku ya kujaribiwa wakatenda kinyume cha yote waliyoungama, bila ya kuhisi kwamba wameihama dini yao. Yafaa kuuliza mwanya huo ulitoka wapi.

Ngara ni nchi ya vilima, na ndani yake mna Bugufi na Bushubi, nchi za Wahangaza na Washubi. Mito ya Kagera na Ruvubu huigawa na mataifa mawili ya magharibi, lakini lugha haikugawanyika kama mito. Kihangaza ni ndugu wa karibu wa Kirundi na Kinyarwanda, na Bugufi zamani ilikuwa chini ya Mwami wa Urundi, kabla ya Waingereza na Wabelgiji kukata mpaka baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Dini nayo ilivuka mipaka hiyo. Mapadri wa Shirika la Wamisionari wa Afrika, walioitwa White Fathers, walikuwa Rulenge, na Waanglikana walikuwa Murgwanza; na pande zote mbili walisoma Injili ile ile kwa lugha zilizokaribiana.

Upande wa Rwanda dini ilienea kwa mbio ambazo hazikuonekana pengi barani. Mwami Musinga, aliyekataa ubatizo, aliondolewa na Wabelgiji mwaka 1931, na mwanawe Rudahigwa akawekwa mahali pake. Machifu na wana wa machifu wakamiminika kwa mapadri, na raia wakafuata. Rudahigwa mwenyewe alibatizwa mwaka 1943, na mwaka 1946 akaiweka nchi yake wakfu kwa Kristo Mfalme. Hapana shaka wengi walibatizwa kwa imani ya kweli. Lakini vile vile ubatizo ulikuwa mlango wa shule, wa kazi na wa cheo. Misheni zikahesabu vichwa, zikafurahi. Ikawa mtu ni Mkristo kwa sababu jina lake limo katika daftari la parokia, kama vile alivyo Mhutu au Mtutsi kwa sababu imeandikwa hivyo katika kitambulisho alichopewa na Serikali ya Wabelgiji. Daftari hizo mbili zilikaa pamoja bila ya kugombana, wala wachungaji wachache tu ndio waliouliza kama moja haliikanushi nyingine.

Watu wa kwanza kuufichua Ukristo wa jina hawakuwa maaskofu. Mwaka 1928 daktari Mwingereza, Joe Church, alifika katika hospitali ya Gahini, mashariki ya Rwanda. Mwaka 1929 alikutana huko Namirembe na Simeoni Nsibambi, Mganda aliyekuwa na kiu kama yake, wakasoma Biblia na kusali pamoja. Nduguye Nsibambi, Blasio Kigozi, alikwenda kufundisha Gahini. Na Yosiya Kinuka alikuwa mtumishi katika hospitali hiyo hiyo. Kati ya watu hawa ulizuka uamsho ambao wafuasi wake waliitwa Balokole, yaani waliookoka. Kigozi alifariki Januari 1936, akiwa ameandaa maswali ya kupelekwa mbele ya sinodi ya Kanisa la Uganda. Aliuliza sababu ya ubaridi wa Kanisa. Akauliza kwa nini watu wanaojulikana kuishi katika dhambi waruhusiwa kuikaribia Meza ya Bwana. Na akauliza lipi lifanywe.

Moto huo ulivuka Kagera. Mwishoni mwa miaka ya 1930 ulifika Katoke, penye chuo cha walimu cha Waanglikana, na kutoka hapo ukaenea katika vituo vya magharibi ya Ziwa. Desturi za Balokole ziliwashtua wengi. Watu walisimama mbele ya wenzao wakaungama kwa kutaja kosa lenyewe. Aliyeiba alirudisha mali kwa mwenyewe. Mzungu na Mwafrika walitubu pamoja, jambo lililokuwa geni katika siku za ukoloni. Waliita jambo hili kutembea nuruni. Mtu asiyekuwa na la kuungama alitazamwa kwa mashaka, na wachungaji wengi walikasirika kuitwa wanafiki na watu waliokuwa chini yao.

Waama, huo ulikuwa ujasiri mkubwa. Lakini nuru hiyo nayo ilikuwa na mipaka yake. Makosa yaliyotajwa mara nyingi yalikuwa ya mtu mmoja mmoja: ulevi, uzinzi, wizi, kinyongo, uchawi. Ndani ya ushirika Mhutu na Mtutsi waliitana ndugu, na wengi walilishika jambo hilo hadi kufa. Hata hivyo utawala wa nchi, ardhi, kitambulisho na chuki iliyofundishwa na wenye madaraka vilionekana kuwa mambo ya dunia, ambayo aliyeokoka ajitenge nayo. Basi mtu aliweza kurudisha shuka moja aliyoiba, na asiulizwe maneno yake juu ya kabila la jirani. Mateso ya Watutsi yalipoanza Novemba 1959, maelfu walikimbilia nchi za jirani, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 baadhi yao waliwekwa Muyenzi, katika Ngara. Waliofukuzwa walikuwa Wakristo, na waliowafukuza aghalabu walikuwa Wakristo kadhalika.

Jaribio la pili la kuuziba mwanya huo lilitokea Ngara kwenyewe, na upande wa Wakatoliki. Mwaka 1969 Christopher Mwoleka alifanywa kuwa Askofu wa Rulenge, jimbo lililokusanya Ngara na Biharamulo. Zilikuwa siku za Azimio la Arusha. Askofu huyo alifundisha kwamba fumbo la Utatu Mtakatifu halikutolewa ili wanadamu wavunje vichwa kulifumbua, bali liwe mfano wa kuigwa: kwamba Mungu mwenyewe ni ushirika, na amwaminiye hana budi kushiriki na wenzake kazi, chakula na mali. Wala hakuishia katika mahubiri. Aliondoka katika nyumba ya kiaskofu akaenda kuishi katika kijiji cha ujamaa cha Nyabihanga, akashika jembe pamoja na wanakijiji.

Wapo waliomsifu, na wapo waliosema kwamba askofu amepotea njia. Yapo ya kusemwa kwa haki kwa pande zote mbili. Katika miaka ya 1973 hadi 1976 vijiji vilijazwa watu kwa amri, na mahali pengine kwa nguvu; na jambo jema likiamriwa kwa mgambo hubadilika sura. Tena, mfano wa mtu mmoja, hata akiwa askofu, si rahisi kuwa desturi ya jimbo zima. Waumini wengi waweza kumheshimu mtakatifu wao kwa sababu amewaondolea wao mzigo wa kuwa hivyo. Lakini swali alilouliza Mwoleka lilikuwa la maana: kama jirani hayumo katika hesabu ya imani yako, imani hiyo ni ya nini?

Swali hilo lilijibiwa kwa namna ya kutisha mwaka 1994, Mwoleka angali askofu. Rwanda wakati huo ilikuwa nchi ambayo takriban watu tisa katika kumi walijiita Wakristo. Mauaji ya Watutsi yalianza Aprili 7, na katika wiki hizo hizo, Aprili 10, maaskofu walikusanyika Roma kwa Sinodi ya kwanza ya Afrika. Hapo Askofu Albert Obiefuna wa Awka, Nijeria, alionya kwamba kwa Mwafrika damu ya kabila ina nguvu kuliko maji ya ubatizo. Hakuhitaji kungoja ushahidi. Watu walikimbilia makanisani, kwa kuwa katika machafuko ya zamani kanisa lilikuwa kimbilio. Safari hii kanisa lilikuwa mtego. Gahini, kitovu cha uamsho, na Rukara jirani yake, hazikuepushwa. Katika parokia ya Nyarubuye, si mbali na mpaka wa Tanzania, maelfu waliuawa kuanzia Aprili 15, na mshambuliaji na mshambuliwa walikuwa wamezoea kupiga magoti katika jengo lile lile.

Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, jeshi la RPF lilipokaribia, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara katika muda wa siku moja hivi. Wakapiga kambi Benaco, mahali palipopewa jina la kampuni ya Kitaliana iliyojenga barabara. Wengi wao walikuwa watu wasio na hatia, akina mama na watoto waliokimbia vita. Lakini kati yao walikuwamo na wakuu wa wilaya ndogo walioongoza mauaji, na kwa kuwa chakula kiligawanywa kwa kufuata wilaya walizotoka, mamlaka yao hayakuvunjika. Mwezi wa Juni, Shirika la Umoja wa Mataifa la Wakimbizi lilipotaka kumwondoa Jean-Baptiste Gatete, aliyepata kuwa mkuu wa Murambi, maelfu ya watu waliwazunguka watumishi wa misaada kwa vitisho. Sylvestre Gacumbitsi, mkuu wa Rusumo, alikuwa kambini vile vile. Baadaye wote wawili walihukumiwa na Mahakama ya Kimataifa iliyokaa Arusha: Gacumbitsi kifungo cha maisha katika rufani ya mwaka 2006, na Gatete miaka 40 katika rufani ya mwaka 2012. Mahakama hiyo hiyo ilimhukumu padri Athanase Seromba kwa kubomolewa kanisa la Nyange juu ya watu waliojificha ndani, na mchungaji Msabato Elizaphan Ntakirutimana kwa habari za Mugonero.

Itakuwa ni dhuluma kusema kwamba imani haikuzaa kitu. Katika parokia ya Mukarange, padri Jean Bosco Munyaneza alikataa kuwaacha watu waliomkimbilia, akafa pamoja nao. Huko Gisenyi, Félicité Niyitegeka alikataa kuokoka peke yake, na kuwaacha aliowaficha. Katika seminari ya Buta, nchini Burundi, tarehe 30 Aprili 1997, wanafunzi waliamriwa watengane, Wahutu huku na Watutsi huku. Wakakataa, na 40 wakauawa. Hawa walisoma Biblia ile ile na kupokea sakramenti zile zile. Kilichowatofautisha ni kwamba kwao jirani alikuwa sehemu ya dini yenyewe, nao walikuwa wamezoezwa hivyo kabla ya siku ya hatari.

Desemba 1996 Serikali ya Tanzania iliamuru Wanyarwanda warudi kwao kabla ya mwisho wa mwezi, na kambi zao zikabaki tupu. Lukole ikaendelea kwa miaka kama kumi zaidi kuwa makao ya Warundi waliokimbia vita vilivyofuata kuuawa kwa Rais Ndadaye, Oktoba 21, 1993. Wenyeji wa Ngara, waliokuwa wamewapokea watu wengi kuliko wao wenyewe, walionja nao mtihani huu: ukarimu wa siku za kwanza ulidhoofika kadiri misitu ilivyokatwa na hofu ilivyozidi. Haifai basi msomaji wa upande huu wa Kagera aitazame Rwanda kama nchi ya wanafiki, na nchi yake kama ya wacha Mungu.

Makanisa yenyewe yalichelewa kuungama. Mwaka 1996 Papa Yohane Paulo wa Pili alisema kwamba Kanisa haliwezi kubebeshwa hatia ya waumini waliotenda kinyume cha Injili. Wenye hatia wajibu wenyewe. Mnamo Novemba 2016 maaskofu Wakatoliki wa Rwanda waliomba msamaha kwa ajili ya Wakristo walioshiriki, na Machi 2017 Papa Fransisko aliomba Mungu asamehe dhambi na mapungufu ya Kanisa na watu wake. Kati ya maneno ya 1996 na ya 2017 pana hatua kubwa. La kwanza liliona wanafiki wachache walioharibu jina la nyumba njema. La pili lilikiri kwamba nyumba nayo yahusika.

Alhasili, mwanya kati ya imani na matendo haukuwa kazi ya waongo peke yao. Ulipanuka pale ubatizo ulipohesabiwa na mafunzo ya ujirani yakasahauliwa. Ulipanuka pale dhambi za chumbani zilipoungamwa na dhambi za uwanjani zikaachwa. Na haukuzibika kwa wema wa askofu mmoja. Kigozi aliuliza nani astahili kuikaribia Meza. Historia ya Benaco na Lukole yaongeza swali moja: huyo aliye kando yako mezani, ungemfanyia nini siku ambayo mkubwa wako amekuruhusu kumdhuru? Kanisa lisilouliza swali hilo wakati wa amani litajibiwa wakati wa vita, na watakaolipa kwa jibu hilo ni wengine.