PIKAPU YA MKULIMA: FUNDI AMEONGEZA NINI, NA NINI HAKUONGEZA

Katika mazungumzo ya leo tunaliweka jembe kando kidogo, na mbolea tutaizungumzia siku nyingine. Leo tuliangalie lile gari linalokuja kubeba mazao yako baada ya mavuno. Ukiwa Dongobesh, Haydom, Bashay, Endasak au Basotu unalijua vizuri. Ni pikapu.

Lakini pikapu unayoiona mnadani si ile iliyotoka kiwandani. Imeongezwa vyuma vya kando, keria juu ya kichwa, ngao mbele, springi nyuma, turubai, na pengine mabenchi. Kila kitu hapo kina historia yake. Na historia hiyo inakuhusu, maana siku unapopakia magunia yako ya mahindi au vitunguu swaumu, kisha na wewe ukapanda juu yake kuteremka mlima wa Magara, umeikabidhi kazi ya fundi mali yako na roho yako.

MKULIMA NDIYE ALIYEANZA

Wengi wanadhani kwamba pikapu ilibuniwa na wakubwa wa viwanda. Sivyo. Mwaka 1908 kampuni ya Ford ya Marekani ilianza kuuza gari liitwalo Model T. Lilikuwa gari la kupanda watu. Wakulima wa huko walipolipata, walikata sehemu ya nyuma wakafunga sanduku la mbao la kubebea maziwa, mbegu na nguruwe. Wengine waliinua gurudumu la nyuma kwa jeki, wakafunga mkanda, wakaendesha msumeno au mashine ya kupura nafaka. Mafundi wadogo wakaona biashara, wakaanza kuuza masanduku yaliyo tayari kufungwa. Ford wenyewe walikuja kutoa pikapu iliyokamilika kiwandani mwaka 1925, kwa dola 281. Kwa hiyo kiwanda kilimfuata mkulima, si mkulima aliyekifuata kiwanda.

Huko Australia nako inasimuliwa kwamba mwaka 1932 mke wa mkulima mmoja aliiandikia kampuni ya Ford barua. Aliomba gari moja la kumpeleka kanisani Jumapili bila kulowa mvua, na Jumatatu lipeleke nguruwe sokoni. Mchoraji wa kampuni, Lew Bandt, alichora gari lenye kichwa kizuri mbele na bodi ya mizigo nyuma. Likaanza kutengenezwa mwaka 1934.

Tunaona basi kwamba kubadili gari ili lifae shamba si utundu wa juzi. Ni haja ya mkulima tangu mwanzo.

LAND ROVER NA NJIA ZETU

Baada ya Vita Kuu ya Pili, Uingereza ilikuwa na upungufu wa chuma. Kampuni ya Rover ikatengeneza gari la shamba lenye bodi ya aluminiamu, likaonyeshwa kwa watu mwaka 1948. Lilikuwa na nguvu katika magurudumu yote manne, na liliweza kufungwa kifaa cha kuendeshea mashine za shamba. Hilo ndilo Land Rover. Katika nchi zetu likawa gari la Bwana Shamba, la misheni, la hospitali na la polisi. Wajapani nao walileta Toyota Land Cruiser, na mwaka 1968 wakatoa Toyota Hilux.

Wakati huo, mkulima mdogo wa Mbulu alikuwa akibeba mazao kwa punda na kwa kichwa. Katika nyanda za Basotu, wilayani Hanang, mashamba makubwa ya ngano yalifunguliwa kwa msaada wa Kanada kuanzia mwisho wa miaka ya 1960, chini ya shirika la NAFCO. Matrekta na mashine za kuvunia zilinguruma huko, na wafugaji wa Kibarabaig wakapoteza malisho yao. Lakini zile mashine hazikuja kuchukua gunia la maharage la jirani yao.

MIAKA YA UHABA

Miaka ya 1970 mazao ya nafaka yalinunuliwa na Shirika la Usagishaji la Taifa. Ulingoja lori la shirika. Likichelewa, mvua na panya hawakungoja. Mafuta yalipanda bei mwaka 1973, yakapanda tena mwaka 1979, na vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vilichukua magari mengi. Vipuri vikawa adimu kama chumvi wakati wa vita.

Hapo ndipo fundi wetu alipojifunza kazi ngumu. Springi ya lori bovu ilikatwa ikatiwa kwenye pikapu. Bodi iliyooza ilivuliwa, ikafungwa ya mbao. Gari moja lilizikwa ili mawili yafufuke. Tusimdharau fundi huyo. Bila yeye, mgonjwa asingefika Haydom wala mbegu isingefika kijijini.

Mwaka 1984 Serikali ikaruhusu mtu mwenye fedha zake za kigeni kuagiza bidhaa kutoka nje. Pikapu zikaongezeka. Biashara ya nafaka ilipofunguliwa hatua kwa hatua, mfanyabiashara akaanza kufika mpaka shambani. Kenya walikwisha kututangulia: mwaka 1973 Rais Kenyatta aliruhusu matatu kubeba abiria, na nyingi kati ya zile za zamani zilikuwa pikapu zilizofungwa kibanda na mabenchi. Dar es Salaam nao walikuwa na magari ya mizigo yenye mabenchi ya kutazamana, wakayaita chai maharage.

Sasa angalia jambo moja. Haja ilikuwa ile ile: njia mbaya, magari machache, mzigo mwingi. Na jibu lilikuwa lile lile: ongeza.

KILICHOONGEZWA NI NAFASI

Tukague vitu hivyo kimoja kimoja, kama tunavyokagua jogoo sokoni.

Vyuma vya kando na keria vinaongeza nafasi. Haviongezi nguvu. Mzigo ukienda juu, gari linakuwa kama mama aliyejitwika debe: akiinama kidogo, maji yanamwagika. Kwenye kona ya mteremko ndivyo gari linavyolala ubavu, hasa watu wakiwa wamekaa juu ya magunia.

Bodi iliyorefushwa nyuma inapeleka uzito nyuma ya ekseli. Mbele kunakuwa kwepesi. Dereva anakata usukani, gari linachelewa kutii.

Springi za ziada zinazuia nyuma kubonyea. Hapa ndipo wengi wanapodanganyika. Gari halionyeshi kwamba limelemewa, basi wanaongeza magunia mengine mawili. Lakini breki ni zile zile, beringi ni zile zile, ekseli na tairi ni zile zile. Springi imenyamaza tu, haikuwaongezea wengine nguvu. Mwisho wake chesisi inapasuka nyuma ya kichwa, au breki zinapata moto mlimani na kukataa kushika.

Tairi kubwa zinafaa katika udongo mweusi wa Basotu wakati wa masika. Lakini zinazipa breki kazi zaidi, na saa ya mwendo inaonyesha mwendo mdogo kuliko ule unaokwenda kweli.

Ngao ya mbele inaikinga rejeta ng'ombe anapokatiza jioni. Lakini ni chuma kizito, na mtu akigongwa nayo anaumia zaidi.

Sasa fanya hesabu. Pikapu nyingi za kawaida hubeba kama tani 1. Gunia la halali halizidi kilo 100. Kwa hiyo magunia 10 yanatosha kabisa. Lakini gunia likiwa la lumbesa, lenye kofia juu, likafika kilo 130, magunia 10 ni kilo 1,300, na bado hatujahesabu watu. Lumbesa inakupunja wewe kwenye bei, kisha inakuja kuvunja gari uliloendea sokoni. Adui ni mmoja, amevaa kanzu mbili.

MWISHO WA PIKAPU

Kuna jambo moja la kupendeza. Pikapu ikifa haifi yote. Ekseli yake ya nyuma na magurudumu yake hutiwa kwenye mkokoteni wa ng'ombe, na mikokoteni ya namna hiyo imeenea nchini. Ekseli ile ile iliyokuwa inalia chini ya lumbesa sasa inakwenda polepole nyuma ya maksai wawili, ikibeba samadi kwenda shambani. Mkulima alianza kulibadili gari, na mkulima ndiye anayelibadili mara ya mwisho.

Basi ndugu mkulima, kabla hujalipa nauli ya mzigo wako, liangalie gari. Muulize dereva: breki zilikaguliwa lini? Springi zimeongezwa ngapi? Hili gari kiwanda kilisema libebe kilo ngapi? Mtu wa kweli hatakasirika. Akikasirika, umeshapata jibu. Mlimani na ateremke kwa gia nzito, na watoto wasikae juu ya magunia. Ninyi mnaochanga kununua pikapu ya kikundi, toeni fedha za breki na tairi kwanza, keria na ngao zingoje mavuno yajayo. Na kama mzigo ni mwingi, heri safari mbili kuliko matanga.

Fundi anaweza kukuongezea nafasi mchana mmoja. Nguvu iliamuliwa siku gari lilipotengenezwa.