Spika za kompyuta zikivuma, zisikilize kabla ya kuzitupa

Juzi ustadhi wa madrasa ya mtaani kwetu alinishika mkono baada ya swala ya Isha. Alitaka mchango. Spika za kompyuta wanazotumia kuwasikilizisha watoto visomo vya Qur'ani zilikuwa zinavuma kama mzinga wa nyuki, na watoto hawakuweza tena kutofautisha herufi zinazokaribiana. Wazazi walishaanza kuchanga wanunue mpya.

Nikamwambia, "Ustadhi, zuieni pesa kwanza. Kesho nitapita nizitazame."

Nimeshughulika na kompyuta miaka mingi, na nimeona spika nyingi nzima zikitupwa. Kelele ina chanzo chake, na chanzo hakiko ndani ya spika kila mara. Kazi ya kwanza ni kutenganisha vitu.

Chomoa waya wa sauti kwenye kompyuta, spika ukiziacha zinawaka. Kelele ikibaki, tatizo liko kwenye spika, waya wake au stima inayoziingia. Ikikatika, rudi kwenye kompyuta. Kisha chomeka waya huo kwenye simu ambayo haiko kwenye chaja, ucheze kitu. Sauti ikitoka safi, spika zako hazina ugonjwa.

Baada ya hapo sikiliza kelele yenyewe ni ya aina gani:

Mkwaruzo unaokuja ukitikisa waya: ni jeki au waya uliokatika ndani. Kwetu Pwani hewa ya chumvi hushika kutu vyuma hivi upesi. Zima kila kitu, pangusa jeki kwa pamba yenye spiriti kidogo, iache ikauke. Usipopona, badilisha waya. Mkwaruzo ukija unapozungusha kitufe cha sauti, ni vumbi ndani ya kitufe.

Tit-tit-tit inayokuja na kuondoka: ni simu iliyo karibu ikiwasiliana na mtambo, hasa ikiwa kwenye mtandao wa 2G. Isogeze mita moja au mbili.

Shhh isiyokatika: mara nyingi kompyuta imepunguzwa sauti na spika zimefunguliwa mpaka mwisho. Geuza mambo: kompyuta iweke kwenye 80 hivi kwa 100, spika uzipunguze. Pia zima maikrofoni kwenye mipangilio ya sauti kama huitumii.

Mlio mwembamba unaobadilika ukisogeza kipanya: ni kelele ya ndani ya kompyuta inayopenya kwenye njia ya sauti. Kadi ndogo ya sauti ya kuchomeka kwenye USB huiondoa mara nyingi.

Mvumo mzito, mmmm: huu ni wa stima. Stima ya Kenya ni ya volti 240 na hutetema mara 50 kwa sekunde, na mtetemo huo ndio unaousikia. Kama kompyuta na spika zimechomekwa soketi mbalimbali, zichomeke zote kwenye ekstensheni moja. Ukiwa na laptopu, chomoa chaja. Mvumo ukinyamaza, umempata mwizi.

Kule madrasa ulikuwa huo wa mwisho. Kwenye simu spika zilitoka safi kabisa. Nilipoligusa sanduku la kompyuta kwa mgongo wa kidole, nikahisi kuchonyotwa. Nikafuata waya hadi ukutani. Ekstensheni ilikuwa ya miguu miwili, imesukumizwa kwenye soketi kwa kutiwa kalamu tundu la juu. Tundu hilo ni la erthi, njia ya kuipeleka ardhini stima inayovuja. Bila hiyo, stima ya kuvuja ilibaki kwenye bati la kompyuta na kupita kwenye waya wa sauti.

Nilimuuliza ustadhi kama watoto huligusa sanduku lile. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Mmoja alilalamika kuwa linauma. Tulidhani anacheza."

Kompyuta tuliizima papo hapo. Fundi wa stima alikuja, akakuta hata soketi ya ukutani waya wake wa erthi umefunguka. Akaufunga, tukanunua ekstensheni ya miguu mitatu. Alhamdulillahi, mvumo uliisha, na sanduku haliumi tena.

Kwa hivyo, ndugu msomaji, wapo watakaokushauri ukate mguu wa erthi ili mvumo uondoke. Usikubali. Huenda kelele ikanyamaza kweli, lakini siku hitilafu kubwa itakapotokea, njia ya stima itakuwa mwili wa mwanao. Na ukihisi bati la kompyuta linachonyota, usiendelee kujaribu spika. Zima, chomoa, ita fundi wa stima.

Pesa zilizochangwa hazikurudishwa. Ustadhi amesema zitatengeneza soketi zilizobaki.