Stesheni ya Redio Iliyonyang'anywa Santuri Zake

Jennifer Marlowe, karani wa mapokezi aliyelipwa zaidi kuliko wafanyakazi wote wa WKRP, stesheni ya redio katika kichekesho cha televisheni, alikuwa na kengele ya mlango isiyolia kama kengele nyingine. Mgeni akibonyeza, ilipiga kipande cha "Fly Me to the Moon". Miaka ilipita, kipindi kikatolewa upya kwa ajili ya kutazamwa nyumbani, na mlango uleule ukawa unapiga "Beautiful Dreamer", utunzi wa Stephen Foster aliyefariki mwaka 1864. Marehemu wa zamani kiasi hicho hana wakala wala mwanasheria, na utunzi wake hutumika bure.

WKRP in Cincinnati ilirushwa na CBS nchini Marekani kuanzia Septemba 1978 hadi 1982. Mtunzi wake, Hugh Wilson, aliwahi kufanya kazi ya matangazo ya biashara Atlanta, akawafahamu watu wa stesheni ya WQXI, na vituko vyao ndivyo vilivyomzalia kipindi. Habari yenyewe ni ya redio inayokaribia kufa kwa kupiga muziki wa wazee, hadi anapokuja meneja mpya wa vipindi na kuamuru wageukie roki. Katika sehemu ya kwanza kabisa, mtangazaji Johnny Fever, aliyeigizwa na Howard Hesseman, anaikwangua sindano kutoka kwenye santuri ya zamani, anaweka ya Ted Nugent, na tangu hapo stesheni si ileile tena.

Kilichokitofautisha kipindi hiki na vichekesho vingine vya wakati wake ni kwamba santuri zilikuwa za kweli. Johnny na mwenzake wa zamu ya usiku, Venus Flytrap, walipiga vibao vilivyokuwa vikitamba mjini wiki zilezile. Chrysalis, kampuni ya santuri ya bendi ya Blondie, iliwazawadia watayarishaji santuri ya dhahabu kama shukrani kwa msaada waliotoa katika kuuvumisha wimbo wa "Heart of Glass", na watayarishaji wakaitundika ukutani ndani ya seti. Ukitazama kwa makini utaiona nyuma ya waigizaji.

Muziki wote huo ulipatikana kwa bei nafuu kutokana na ujanja wa kihasibu. Vichekesho vingi vya hadhi vilipigwa kwa filamu. WKRP ilirekodiwa kwenye mkanda wa video, kwa sababu wakati huo ada za nyimbo kwa vipindi vya mkanda zilikuwa chini. Punguzo hilo lilikusudiwa maonyesho ya muziki na ngoma. Wilson aliona mlango uko wazi, akapita.

Tatizo lilikuwa kwenye muda. Leseni zilihesabiwa kwa miaka, na mikataba ilifikiria televisheni tu: kurushwa, kisha kurudiwa kwenye stesheni za mikoani. Mwaka 1978 kaseti ya VHS ilikuwa ndiyo kwanza inaingia madukani Marekani. Nani angekaa kujadili bei ya haki za kuuza msimu mzima wa kipindi kwenye sanduku, tena wakati ambapo watu walidhani kichekesho kikishaonekana mara mbili tatu kimekwisha kazi?

Kadiri leseni zilivyoisha katika miaka ya 1990, vibao viliondolewa kimoja baada ya kingine na nafasi zao zikajazwa muziki wa kukodi, gitaa na ngoma zisizo na jina. Kibaya zaidi, pale mazungumzo yalipokuwa yamechanganywa na wimbo kwenye mkanda, haikuwezekana kuufuta wimbo ukaacha sauti ya mwigizaji. Wakatafutwa watu wa kuiga sauti na kuyasema maneno upya. Ikawa mtazamaji anamwona Johnny akifungua kinywa, anayesema ni mwingine.

Katika sehemu mashuhuri kuliko zote, ile ya bata mzinga wanaorushwa kutoka kwenye helikopta, iliyoonyeshwa Oktoba 1978, meneja mkuu wa stesheni, Carlson, anaingia studio wakati Johnny anapiga "Dogs" ya Pink Floyd. Mzee wa watu anasikiliza kwa heshima, kisha anauliza kama kweli anasikia mbwa wakibweka humo. Mbwa wamo, kwenye santuri yenyewe. Ufute wimbo, na swali la Carlson linabaki la mtu aliyechanganyikiwa.

Fox ilipotoa DVD za msimu wa kwanza mwaka 2007, nyimbo nyingi hazikuwemo na baadhi ya matukio yalikatwa. Mashabiki walinung'unika, na haki yao. Lakini sioni kwamba wanamuziki ndio wa kulaumiwa. Kila wimbo una milango miwili ya kubisha: mwenye utunzi na mwenye rekodi, na mara nyingi ni kampuni mbili tofauti, kila moja ina bei yake. Zidisha kwa nyimbo kadhaa kila sehemu, kisha kwa sehemu 90. Mhasibu yeyote angetoa jasho. Ninachowalaumu wenye kipindi ni kumuuzia mteja kitu kilichochakachuliwa kana kwamba ni kilekile.

WKRP haikuwa peke yake. Married... with Children ilipoteza "Love and Marriage" ya Frank Sinatra kuanzia DVD za msimu wa tatu, na familia ya Bundy ya kipindi hicho bila Sinatra ni kama chai isiyo na sukari. Quantum Leap ilifutiwa "Georgia on My Mind" ya Ray Charles katika tukio ambalo mhusika Al, ambaye ni taswira tu, anacheza na mkewe asiyeweza kumwona. Bila sauti ile, machozi yanakauka.

Mwaka 2014 kampuni ya Shout! Factory ilifanya kazi ambayo Fox haikuifanya. Ilibisha milango hiyo mmoja mmoja na kutoa WKRP nzima ikiwa na sehemu kubwa ya muziki wake. Si wote, wapo waliokataa au waliotaka fedha ambazo hesabu haikuzikubali. Mwaka huohuo The Wonder Years, iliyokaa miaka mingi bila kutoka kwa sababu ya mamia ya nyimbo zake, iliingia sokoni ikiwa na wimbo wake wa kufungulia ulioimbwa na Joe Cocker.

Dawson's Creek ilipita njia nyingine. Kwa miaka mingi, kwenye DVD za misimu ya mwisho na kisha kwenye intaneti, wimbo wake wa kufungulia, "I Don't Want to Wait" wa Paula Cole, uliwekewa wa Jann Arden mahali pake. Cole aliingia studio akaurekodi upya, safari hii rekodi ikiwa mali yake mwenyewe. Mwaka 2021 Netflix ilianza kuonyesha kipindi hicho kikiwa na sauti yake tena, na ada ya rekodi hiyo iliingia mfukoni mwake, si kwa kampuni yake ya zamani.