Ngano Badala ya Nyama: Chapati katika Historia ya Jinja na Mbale

Ukikanda unga wa ngano kisha ukauosha kwa maji, wanga huondoka na kubaki gluteni, donge linalovutika kama mpira. Huko China, Wabudha wamelipika badala ya nyama kwa karne nyingi. Mashariki mwa Uganda pia ngano ilichukua nafasi ya nyama, lakini kwa njia nyingine: chapati.

Reli ya Uganda ilifika Kisumu mwaka 1901. Kutoka hapo meli zilivuka Ziwa Victoria hadi Jinja, na wafanyabiashara Wahindi wakafungua maduka Jinja na Mbale. Wengi walikuwa Wagujarati, na miongoni mwao walikuwemo Wahindu na Wajaini wasiokula nyama kwa sababu ya dini. Mlo wao ulikuwa chapati, dengu na mboga. Mwaka 1930 Muljibhai Madhvani alianzisha kiwanda cha sukari Kakira, karibu na Jinja. Mwaka 1948 sehemu ya majivu ya Gandhi, ambaye hakula nyama, ilimwagwa kwenye chanzo cha Nile huko Jinja.

Wenyeji nao walikuwa na vyakula vyao visivyo na nyama. Wagisu wa Mbale hupika malewa, yaani machipukizi ya mianzi ya Mlima Elgon yaliyokaushwa kwa moshi, pamoja na karanga zilizosagwa. Lakini wao walizoea matoke, na Wasoga wa Jinja viazi vitamu. Ngano ilikuwa chakula cha mjini.

Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 waondoke. Maduka yalipata wenyewe wapya, na wengi walioondoka hawakurudi. Chapati ilibaki. Leo wapishi wa kando ya barabara huuza kikomando, chapati iliyokatwakatwa na kuchanganywa na maharagwe, kwa wanafunzi na waendesha bodaboda.

Watu hukicheka kuwa ni chakula cha mtu asiye na pesa. Wanakosea. Protini ya ngano ina upungufu wa lisini, na maharagwe yanayo kwa wingi. Kwa hiyo viwili hivyo hukamilishana, jambo ambalo gluteni peke yake haiwezi. Wahindu waliacha nyama kwa imani, sisi wanafunzi tunaiacha kwa sababu ya bei. Tunaposoma habari za 1972 tunahesabu maduka na viwanda vilivyoachwa. Tuhesabu na kilichoachwa jikoni.